Mkunga Aliyewatafuta Ndugu wa Brita

Sitaanza na kuzaliwa kwake, wala sitasema alikuwa mtoto wa nani. Najua angenigombeza, maana maswali hayo ndiyo aliyoyapenda kuliko yote, na katika nyumba yetu ya Ng'ambo, hapa Tabora, hapana mgeni aliyemaliza kikombe cha chai bila kuulizwa bibi yake mzaa mama alitoka kijiji gani. Lakini mimi nilimkuta tayari mtu mzima, mikono imeshaizoea kazi yake, na kwangu alianzia hapo. Tulimwita Mkunga. Watoto wa mtaani wasio na adabu walimwita Mzungu wa Uani, mpaka siku alipomshika mmoja wao sikio akamwambia, "Mtu wa kwanza kuuona uso wako hapa duniani ni mimi. Hata mama yako alikuja wa pili. Sasa niite vizuri."

Alikuwa Mswidi. Aliletwa na misheni kwenye zahanati moja ya njia ya Sikonge, siku zile ambazo mjamzito alifikishwa kwa mkunga akiwa amekaa nyuma ya baiskeli, mume anasukuma, mama mkwe anafuata na khanga mkononi. Zahanati ilipokabidhiwa serikalini, wenzake walifunga mizigo wakarudi kwao. Yeye akaja mjini, akapanga chumba cha uani kwa mama yangu, akasema atakaa kidogo atazame mambo. Aliyatazama mpaka mimi nikamaliza shule, nikaolewa, nikaachika, nikafungua duka la steshenari mbele ya nyumba hiyohiyo. Kufikia hapo mama yangu alikuwa ameshasahau kwamba huyu ni mpangaji. Walikuwa wakiitana dada.

Alikuwa mrefu, na alitembea ameinamia mbele kidogo kama mtu aliyedondosha sindano. Mfukoni hakukosa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ambavyo vilichanganyika na vipande vya chaki, vifungo na vumbi, na alivitafuna hivyohivyo. Huyu ndiye aliyekuwa akiwahubiria wanawake usafi mpaka wakaota ndoto za sabuni. Aliwaambia wajawazito wale mayai, wayaache maneno ya mashangazi kwamba mtoto atazaliwa bila nywele, na yeye mwenyewe yai hakuliweza hata harufu. Aliweza kukaa na mwanamke mwenye uchungu tangu jua linachomoza hadi linatua bila kupandisha sauti, lakini birika likichelewa kuchemka alilitukana kwa Kinyamwezi. Alikuwa Mkristo wa kusali asubuhi na jioni. Ikifika Ramadhani hakula mchana mbele yetu, na jioni alikuwa wa kwanza kuuliza kama uji wa pilipili manga umeiva.

Aliuchukia uongo. Mimi alinichapa kwa uongo, na mama akamshukuru. Lakini nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mwanamume mmoja wa Sikonge kwamba mkewe haruhusiwi kuchota maji wala kukata kuni mpaka mtoto aote meno, na kwamba hiyo ni amri ya daktari. Mume yule akaondoka anakuna kichwa. Nikamuuliza Mkunga ni daktari gani huyo.

"Yupo," akasema.

"Anaitwaje?"

"Wewe kazi yako maswali. Kamenye vitunguu."

Kiswahili chake alikipata vijijini, kwa hiyo kilikuwa na Kinyamwezi ndani yake, kama mchele wenye chenga. Kila asubuhi aliwaamkia watu wote "Mwangaluka", hata Waarabu wenye maduka, nao wakaishia kumwitikia. Kwa sababu hiyo Fundi aliamua kwamba huyu ni Mnyamwezi, na neno la Fundi lilikuwa na uzito. Fundi alikuwa mshonaji mzee aliyeweka cherehani yake kwenye baraza letu, upande wa pili wa mlango wa duka langu. Asili yake Uzaramo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wakati wapagazi wa huku waliposhuka pwani na mizigo mabegani, na mtani, kama ijulikanavyo, ana ruhusa ya kusema lolote bila mtu kununa. Fundi aliitumia ruhusa yake yote.

"Mnyamwezi gani huyu," alisema, "amefuliwa mpaka amechujuka."

"Na wewe Mzaramo gani," Mkunga alimjibu, "tangu ushuke treni hujamaliza suruali hata moja."

Siku Mkunga alipougua malaria, Fundi alikuja mpaka mlangoni mwa chumba chake na futi, akatangaza kwamba anampima sanda, na kitambaa kitahitajika kingi kwa urefu ule. Mama yangu alishika mdomo. Mkunga alicheka mpaka homa ikampungua, au ndivyo alivyodai mwenyewe.

Nataka kueleza namna alivyozalisha, kwa sababu sijasikia mkunga mwingine anayefanya hivyo. Uchungu ulipokaza, alimshika mwanamke mkono na kumwambia, "Mtaje mama yako." Mwanamke akamtaja. "Na mama yake." Akamtaja. "Na mama yake huyo." Hivyo hivyo wakapanda, jina kwa jina, mpaka majina yakaisha, na yalipoisha alisema, "Anza tena." Alisema uchungu hauwezi kumshika mtu anayefikiri. Wanawake wa vijijini walimpa majina mengi, mengine nadhani waliyabuni ili wapate kupumua. Hakujali.

Sisi wa Ng'ambo ndio tuliompa taabu. Mama yangu, siku ya kunizaa mimi, alimtaja mama yake, akamtaja bibi yake, akanyamaza. Mkunga, aliyekuwa bado kijana na mgeni wa mji, akamhimiza: "Na mama yake?" Mama akasubiri uchungu upite, akasema, "Huyo aliletwa." Basi. Watu wa hapa wanajua maana yake. Njia ile ya misafara iliyoleta nguo na shanga ilileta na watu ambao hawakuulizwa kama wanataka kuja, na wengi wetu tunaojiita wenyeji wa mji tunatokana nao. Jambo hilo halizungumzwi. Ukiuliza sana, utakuta mwenye nyumba amekumbuka ana nguo za kuanua.

Mkunga hakuuliza tena, si kwa mama yangu wala kwa mwanamke mwingine wa mjini. Akageuza mchezo wake. Kwa mwanamke aliyenyamaza alisema, "Haya, shuka chini sasa. Nitajie unaotaka kuwazaa." Mama alimtajia majina kumi na zaidi, akanipata mimi peke yangu, na hadithi hiyo alinisimulia kila nilipomuudhi.

Sasa nifike kwa Brita, maana bila Brita humwelewi Mkunga. Brita binti Nils alikuwa bibi yake wa zamani sana, wa karne ya kumi na saba, aliyeishi katika kijiji cha msituni huko Uswidi wakati wafalme wao wakipigana vita visivyokwisha. Mkunga alimwita hivyo, "binti Nils", na alisisitiza hatafsiri ili kutufurahisha sisi: kwao zamani mwanamke alikwenda kaburini na jina la baba yake, kama mwanamke wa Kiislamu hapa. Mume wa Brita alichukuliwa askari, akavushwa bahari, hakurudi.

"Kama wapagazi wenu," alisema Mkunga. "Anaondoka na mzigo wa mtu mwingine kichwani, mke anabaki anatazama njia."

Brita alibaki na watoto wawili. Wa kiume alikaa na mama yake, akaoa, na kwake ndiko alikotoka Mkunga, kizazi baada ya kizazi. Wa kike alipelekwa angali mdogo kuwa mtumishi wa ndani katika shamba la watu, mbali, kwa sababu chakula hakikutosha. Kuanzia hapo hakuna aliyejua habari zake. Mkunga alitaka kujua yule binti alifika wapi. Hilo tu. Alilitaka kwa miaka na miaka, tangu akiwa Sikonge anaandikiana na mapadri wa kwao kwa taa ya chemli, mpaka alipozeeka na mambo yote yakaingia kwenye kompyuta, akawa anakuja dukani kwangu baada ya chakula cha mchana, anavuta kigoda, anasema, "Tumtafute mtoto."

Mimi nilichapa, nilikuza picha za vitabu vya kanisa vya kwao ili aweze kusoma mwandiko wa zamani uliofanana na njia za siafu, nilituma barua pepe kwa watu nisiowajua. Wateja walisubiri fotokopi zao huku wakipewa habari za Brita wapende wasipende. Fundi, kutoka barazani, aliuliza kila siku:

"Keshaonekana?"

"Bado."

"Labda anawaogopa. Mimi pia ningejificha."

Mama yangu hakuelewa kazi ile ni ya nini. Siku moja aliingia dukani, akasimama na mikono kiunoni.

"Dada, huyo binti aliolewa au hakuolewa, si amekwishakufa?"

"Amekufa."

"Sasa ukimpata?"

"Alikuwa na watoto. Watoto wakawa na watoto. Hao wa leo ni ndugu zangu." Mkunga alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga. Wazazi wake walikuwa wamekufa zamani, kaka wala dada hakuwa naye, kuolewa hakuolewa. "Mtu akizalisha watoto wa watu maisha yake yote, dada, jioni wote wanakwenda kwao."

Mama alikaa. Alikaa juu ya maboksi yangu ya karatasi, jambo ambalo hakuniruhusu mimi kulifanya hata mara moja. Baadaye Mkunga akasema kwa sauti ya chini, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, "Wako aliletwa. Wangu alipelekwa." Mama hakuinuka kwenda kuanua nguo. Alitikisa kichwa polepole, akasema, "Basi mtafute." Tangu siku ile alinikataza kumwambia Mkunga kwamba duka lina shughuli.

Naandika haya na moyo unaniuma, kwa sababu sote tulimsaidia. Tulimwombea, kila mtu kwa dini yake. Na tulijibiwa.

Alipatikana mwanamke mmoja huko Uswidi aliyekuwa akipanda nasaba yake kutoka upande wa pili, akamfikia mtumishi wa shamba aliyekuwa binti wa Brita, akakwama. Wakakutana hapo kwa Brita, yeye na Mkunga, kama watu wawili wanaochimba kisima kimoja kutoka pande mbili. Yule binti aliolewa. Alizaa. Aliishi akazeeka. Siku ile Mkunga alicheza ngoma barazani kwa magoti yake mabovu, Fundi akampigia cherehani kwa mkasi, na tukapika pilau.

Yule wa Uswidi tulimwita Binamu, kwa kuwa hatukujua neno jingine la mtu mnayekutana naye kwa bibi wa karne ya kumi na saba. Wakawa wanaandikiana kila wiki. Na ikawa kipindi hichohicho Mkunga anaanza kupotea kidogo kidogo. Aliacha jiko la mkaa likiwaka chumbani. Aliniita kwa jina la mama yangu. Alianguka uani kwenye maji ya sabuni, akateguka nyonga. Asubuhi moja tulimkuta kwenye kituo cha magari ya Sikonge, amevaa gauni la kulalia na mfuko wake wa kazi, anagombana na dereva kwamba kuna mwanamke anangoja na njia imeshafunguka. Dereva alimsikiliza kwa adabu mpaka tulipofika, kwa sababu naye alizaliwa mikononi mwake.

Mimi ndiye niliyemwandikia Binamu habari hizo, maana aliniuliza. Akapanda ndege akaja.

Hakuwa mtu mbaya. Ningefurahi angekuwa mtu mbaya, ningepata pa kuweka hasira zangu. Alikuja na kahawa na viatu vizuri vya mgonjwa wa nyonga. Alimshika Mkunga uso kwa mikono miwili, wakalinganisha masikio, wakalia, wakacheka kwa lugha yao. Mkunga alimzungusha kote kama mtoto anayeonyesha daftari lenye vyema: akampeleka Kipalapala kwa mapadri wazee waliomjua, akampeleka Sikonge akalishwa asali na masega yake. Lakini Binamu alipomwona mzee wa umri ule anavuka uwanja na ndoo ya maji kwenda chooni, alikwenda nyuma ya nyumba akalia peke yake. Nilimwona. Nilimwonea huruma, na nilijua anakotaka kwenda.

Jioni moja akatukuta barazani, Mama, Fundi, mimi, na Mkunga aliyekuwa akimenya karanga. Akasema kwa Kiingereza, nami nikatafsiri, kwamba kwao kuna nyumba nzuri ya wazee, karibu na kwake, yenye wauguzi mchana na usiku. Angependa kumchukua ndugu yake. Akamgeukia Mama: "Mnaonaje nyinyi?"

Mama yangu ni mtu wa mji huu, amelelewa na watu wa mji huu. Kwetu ndugu wakimfuata mtu wao, mwenye nyumba hazibi njia. Hufungua mlango, hufunga chakula cha safari, na hushukuru. Kumng'ang'ania mtu mbele ya damu yake ni kumtangaza kwamba hana kwao, na ni tusi kwake na kwa ndugu zake. Kwa hiyo Mama akasema:

"Huyu ni mtu wenu. Sisi tulikuwa tunawatunzia tu."

Vidole vya Mkunga vikasimama kwenye karanga. Mama akamwona. Alitaka kumpa nafasi, ili asije akabaki kwa kutuonea haya, ndivyo alivyoniambia baadaye. Akaongeza, kwa upole kabisa, "Mkataa kwao mtumwa, dada."

Methali hiyo kila mtu anaitumia. Lakini katika nyumba yetu, baina ya wanawake wale wawili, baada ya yale waliyoambiana juu ya maboksi yangu, haikuwa na jibu. Mkunga akamaliza kumenya karanga iliyokuwa mkononi. Kisha akasema, "Kweli, mwenye nyumba." Sikuwahi kumsikia akimwita mama yangu hivyo. Alikuwa amekaa Tabora mno, ndiyo shida. Mswidi angesema sitaki. Yeye alijua kwamba ndugu aliyepanda ndege kukufuata harudishwi mikono mitupu, na kwamba mtu hakai katika nyumba ambayo mwenyewe ameshakuruhusu kuondoka. Akawa anangoja tumwambie abaki. Sisi tukawa tunangoja akatae kwenda.

Siku moja kabla ya safari alitoka na kijiti, akapanda mbegu za maboga ukutani mwa choo. Mama alimwona kupitia dirishani, akaniambia, "Maskini, amesahau kwamba anaondoka." Mtu anayeondoka hapandi maboga. Tulipaswa kuelewa, tukaona ni ule ugonjwa wake.

Asubuhi ya safari gari lilikuja, sanduku likatolewa barazani. Fundi akaacha cherehani, akaja akalikalia.

"Haendi," akasema.

Watu wakaanza kucheka. Mtaa mzima ulikuwa umejaa pale, akina mama aliowazalisha na watoto waliozaliwa mikononi mwake.

"Mnyamwezi kazi yake kubeba," Fundi akaendelea, "tangu lini akabebwa? Mwambieni mgeni huyu arudi na sanduku tupu. Mtu ni wetu. Maiti yake mimi ndiye mtani wake, nimeshaipima, sanda nimeikata. Nitamvalisha nani?"

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Binamu, nilipomfafanulia kwamba ni mila, naye akacheka, akapiga picha. Mkunga alicheka pia, machozi yakimtoka, na katikati ya kicheko akamtazama Mama. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida ya mtu anayeaga. Mama akajifunga khanga vizuri, akampa kifurushi cha michembe na chupa ya asali, akasema, "Nenda salama, dada."

"Haya," akasema Mkunga.

Fundi aliondolewa juu ya sanduku na vijana wawili, kwa vifijo. Gari likaondoka. Watu walipotawanyika nilimkuta kwenye cherehani yake, hashoni, mguu umekaa tu juu ya pedali.

"Leo ulitufurahisha, mzee wangu," nikamwambia.

"Sikuwa natania."

Mama alikuwa mlangoni, akasikia. "Sasa si ungesema?"

"Nilisema," akajibu Fundi. "Mbele ya watu wote nilisema."

Hilo ndilo tunalojuta, nami nalisema waziwazi kwa kuwa sina sababu ya kulizungusha. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kutamka tuliyokuwa nayo sote moyoni, na kwa kuwa ana ruhusa hiyo, hakuna aliyemsadiki. Maboga yakaota, yakatambaa mpaka juu ya choo. Mengi yaliliwa na mbuzi wa jirani, na Mama hakuwafukuza.

Binamu alitutumia picha. Chumba kilikuwa kizuri kweli, chenye dirisha kubwa na theluji nje, na Mkunga katikati amevaa sweta jipya, nywele zimechanwa na mtu mwingine. Picha za mwanzo alitazama kamera. Za baadaye alitazama pembeni. Tuliongea naye kwa simu mara chache, akawa anasema maneno machache, kisha hata hayo yakakoma.

Juzijuzi Binamu alinipigia simu ya picha mchana, dukani kwangu kuna watu. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, siku hizi hupenda kushinda pale. Binamu alionekana amechoka. Akaniambia kwamba Kiswidi cha Mkunga kimekwisha kabisa. Sasa anazungumza lugha ya huku kwetu tu, na hakuna anayemwelewa. Na kuna jambo wauguzi hawalijui wafanyeje. Hataki kuingia chumbani kwake. Wakimrudisha kutoka kwenye chakula anasimama nje ya mlango, mlango uko wazi, anasema neno moja, anangoja. Analisema tena, anangoja. Miguu inavimba. Wakimshika kumwingiza anawasukuma, analia. Alikuwa pale nje hivi sasa. Je, ningeweza kusikiliza, niwaambie anataka nini?

Akageuza simu. Nikaona ukumbi mrefu mweupe, na mwanamke mrefu ameinamia mbele, mkono mmoja umeshika ukingo wa mlango kwa adabu, hajavuka kizingiti.

"Hodi," akasema Mkunga.

Duka zima likasikia. Fundi aliacha cherehani, akaja akasimama nyuma yangu.

"Hodi," akasema tena. Alisubiri. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa uso wa mgeni asiyetaka kusumbua. "Hodi wenyewe."

Mama akaichukua simu mkononi mwangu, akaisogeza mdomoni kwa mikono miwili.

"Karibu," akasema. "Karibu ndani, dada. Hapa ni kwako."

Mkunga akainua uso. Akavua viatu, akaviweka pembeni ya mlango, kimoja kando ya kingine, akaingia. Tulisikia kitanda kikilia alipokaa, tukamsikia akishusha pumzi. Binamu akarudi kwenye simu macho yakiwa mekundu, akaniomba nimfundishe neno lile alilosema mama yangu. Nikamfundisha. Alilitamka vibaya, nikamwambia arudie, akarudia mpaka likakaa sawa, akasema atawafundisha na wauguzi wote.

Simu ilipokatika Mama aliendelea kuishika, ameikumbatia kifuani.

"Neno lenyewe lilikuwa hilo tu," akasema. "Na siku ile alikuwa amekaa hapo barazani, anamenya karanga."